Emmy Noether (1882–1935): Maisha Yake na Funzo kwa Mwalimu wa Sayansi

Miaka michache iliyopita, nilipokuwa nikifundisha kanuni ya uhifadhi wa nishati, mwanachuo mmoja aliuliza kwa nini nishati haiumbwi wala haiangamizwi. Nilimjibu kwamba hiyo ndiyo kanuni, nikaendelea kuandika ubaoni. Mwanachuo aliketi, akanakili. Baadaye ndipo nilipotambua kwamba swali lile lilikuwa na jibu, na kwamba jibu hilo lilipatikana mwaka 1918 kwa juhudi za mwanamke aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu bila cheo wala mshahara. Makala haya yanaeleza maisha ya mwanamke huyo, Emmy Noether, ili walimu wenzangu wapime wenyewe yale tunayoweza kujifunza kwake.

Emmy Noether alizaliwa tarehe 23 Machi 1882 katika mji wa Erlangen, Ujerumani, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake, Max Noether, alikuwa profesa wa hisabati katika Chuo Kikuu cha mji huo. Mwaka 1900 binti alifaulu mtihani wa ualimu wa Kifaransa na Kiingereza kwa shule za wasichana. Kama angependa njia nyepesi, kazi ilikuwa ikimngoja. Lakini yeye alichagua hisabati. Wakati huo wanawake hawakuandikishwa rasmi pale Erlangen. Aliweza tu kuketi darasani kama msikilizaji, tena kwa idhini ya kila mhadhiri. Kati ya wanafunzi 986, wanawake walikuwa 2 tu. Mlango ulipofunguliwa mwaka 1904 aliandikishwa, na mwaka 1907 akatunukiwa shahada ya udaktari. Kuanzia mwaka 1908 alifanya kazi katika Chuo Kikuu hichohicho kwa miaka 7 bila malipo, na mara nyingine alishika vipindi vya baba yake alipokuwa mgonjwa.

Mwaka 1915 wanahisabati wawili mashuhuri, David Hilbert na Felix Klein, walimwita Göttingen. Walimhitaji kwa sababu ya tatizo maalumu. Katika mwaka huohuo Albert Einstein alikamilisha nadharia yake ya jumla ya uhusianifu, inayoeleza mvutano wa vitu kwa umbo la anga na wakati. Katika nadharia hiyo kanuni ya uhifadhi wa nishati ilionekana kuwa na sura ya ajabu, isiyofanana na ile iliyozoeleka. Hata hivyo, baadhi ya maprofesa wa Göttingen walikataa Noether asipewe haki ya kufundisha. Hoja yao moja ilikuwa kwamba askari watakaporudi kutoka vitani hawatapenda kuketi miguuni pa mwanamke. Hilbert aliipinga hoja hiyo kwa ukali, lakini hakufaulu. Ikabidi mihadhara itangazwe kwa jina la Hilbert, naye Noether akatajwa kuwa msaidizi tu.

Hapo ndipo alipotoa kazi yake maarufu ya mwaka 1918. Kwa kuwa yeye hakuwa mwanachama wa jumuiya ya wanasayansi ya Göttingen, ilimbidi Klein aiwasilishe kwa niaba yake. Kiini cha kazi hiyo chaweza kuelezwa hata katika darasa lisilo na vifaa. Mwalimu akining'iniza jiwe kwa uzi leo saa tatu asubuhi, kisha akirudia jaribio kesho saa nane mchana kwa uzi uleule na jiwe lilelile, muda wa jiwe kwenda na kurudi haubadiliki. Sheria za asili hazijali tumeanza kuhesabu wakati kutoka wapi. Sisi tusemao Kiswahili twalijua jambo hili tangu utotoni. Twaanza kuhesabu saa za mchana kutoka macheo, hali Mwingereza huanza kutoka usiku wa manane. Yeye husema ni saa tisa, sisi husema ni saa tatu, lakini kipindi cha dakika 40 hubaki kuwa cha dakika 40.

Hali hii ya kubadili kitu na sheria isibadilike huitwa ulinganifu. Noether alithibitisha kwamba, katika mifumo ya aina inayotumika kwa nadharia za msingi za fizikia, kila ulinganifu unaobadilika hatua kwa hatua bila kuruka huambatana na kiasi kinachohifadhika. Sheria zisipojali wakati, nishati huhifadhika. Zisipojali mahali, momenta huhifadhika. Zisipojali upande tunaoelekea, momenta ya mzunguko huhifadhika. Basi kanuni ambazo wanafunzi huzikariri mbalimbali zina mzizi mmoja.

Katika kazi hiyohiyo Noether aliongeza uthibitisho wa pili, unaohusu ulinganifu ambao kila mahali huruhusiwa kuchagua mabadiliko yake penyewe. Huu ndio uliofumbua tatizo la nadharia ya Einstein. Tuurudie mfano wa saa. Tuseme kila kijiji kimepewa uhuru wa kuweka mwanzo wake wa kuhesabu saa. Basi la abiria haliwezi kufuata ratiba mpaka awepo mjumbe wa kupeleka habari za tofauti kutoka kijiji hadi kijiji. Huu ni mfano tu, lakini waonyesha njia. Mwaka 1929 Hermann Weyl alionyesha kwamba wimbi linaloieleza elektroni lina kitu kinachofanana na mshale wa saa. Tukiruhusu kila nukta ya anga ichague mwanzo wake, ni lazima pawepo uga wa kulinganisha nukta hizo, na uga huo ndio ule wa umeme na sumaku. Kiasi kinachohifadhika hapo ni chaji ya umeme.

Nadharia za namna hii huitwa nadharia za geji. Mwaka 1954 Chen Ning Yang na Robert Mills walizipanua. Mwaka 1979 Sheldon Glashow, Steven Weinberg na Abdus Salam wa Pakistani walipata Tuzo ya Nobel kwa kuziunganisha kani ya umeme na sumaku na kani hafifu ya ndani ya atomu, na mwaka 1983 chembe walizozitabiri zilionekana katika maabara ya CERN karibu na Geneva. Hata nadharia ya nyuzi, inayoichukulia chembe kuwa uzi mdogo mno, hutegemea ulinganifu wa eneo lenye vipimo viwili ambalo uzi huo hulipitia.

Mwaka 1919 Noether aliruhusiwa hatimaye kufundisha kwa jina lake, na mwaka 1923 akaanza kulipwa ujira mdogo. Kuanzia mwaka 1921 kazi zake ziliipa aljebra sura mpya. Namna yake ya kufundisha yafaa itazamwe kwa makini, kwani haikuwa na kila sifa tunayoihimiza. Alisema upesi, hakufuata andalio, na wageni wengi walishindwa kumfuata. Lakini waliovumilia waliona hisabati ikizaliwa mbele ya macho yao. Siku moja jengo lilipokuwa limefungwa kwa sikukuu, aliwakusanya wanafunzi nje, akawaongoza kwa miguu msituni huku somo likiendelea. Mawazo yake aliyagawa bure, wengine wakayachapisha kwa majina yao, naye hakuona uchungu.

Mwezi wa Aprili 1933 serikali ya Wanazi ilimfukuza kazi pamoja na walimu wengine Wayahudi. Aliendelea kuwakusanya wanafunzi nyumbani kwake, na inasimuliwa kwamba mmoja alikuja amevaa sare ya Wanazi, naye akamfundisha kama wenzake. Mwaka huohuo alihamia Chuo cha Bryn Mawr, Marekani. Huko alifariki tarehe 14 Aprili 1935 baada ya kupasuliwa, akiwa na umri wa miaka 53. Katika kumbukumbu yake Weyl, aliyekuwa profesa Göttingen tangu 1930, alikiri kwamba aliona haya kushika cheo cha juu kuliko mtu aliyemzidi kwa mengi.

Walimu wenzangu, sidai kwamba twaweza kufundisha hesabu za Noether katika shule zetu. Ninalosema ni kwamba jiwe na uzi tunavyo, na saa ya Kiswahili tunayo. Mwanachuo akiuliza kwa nini nishati haipotei, tusimwambie anakili. Tumwambie alining'inize jiwe leo, arudie kesho, kisha atueleze ni jambo gani halikubadilika. Yule wa kwangu alikwisha hitimu kabla sijalijua jibu. Nimeandika haya ili mwingine asiondoke darasani mikono mitupu.