Kipofu na Namba Kubwa

Leonhard Euler alizaliwa mwaka wa 1707 katika mji wa Basel, nchi ya Uswisi. Baba yake alikuwa mchungaji wa Waprotestanti, naye alitaka mwanawe ashike kazi hiyo hiyo. Lakini mwalimu mmoja aliona kwamba kijana huyu ana akili nyingi ya hesabu. Akamsihi baba amwache aendelee nayo, na baba akakubali. Alipokuwa na miaka 20, Euler alikwenda Urusi kufanya kazi pamoja na wataalamu wa mji wa Petersburg.

Watoto, ninyi mwajua kugawanya. Namba 12 yagawanyika kwa 2, 3, 4 na 6 bila baki. Lakini 13 haigawanyiki ila kwa 1 na kwa 13 yenyewe. Namba ya namna hii huitwa namba tasa. Zilizo ndogo twazitambua upesi, bali zilizo kubwa zatushinda.

Fermat, bingwa wa hesabu wa Ufaransa, alidhani kwamba 4294967297 ni namba tasa. Euler hakukubali kwa sababu ya sifa za Fermat tu. Alijaribu mwenyewe, na mwaka wa 1732 alionyesha kwamba 641 mara 6700417 ni namba ile ile. Basi, Fermat alikosea.

Mwaka wa 1738 jicho la kuume la Euler likapofuka. Miaka mingi baadaye mtoto wa jicho akaliingia la pili. Mwaka wa 1771 daktari alilipasua, lakini giza likarudi. Mwaka ule ule nyumba yake ikaungua. Hata hivyo hakuacha kazi. Alifikiri gizani, akasema, na wanawe na wasaidizi wakaandika.

Zamani, mwaka wa 1644, Padri Mersenne, mtawa wa Ufaransa, aliandika kwamba 2147483647 ni namba tasa. Lakini hakuonyesha sababu. Kuigawanya kwa kila namba ni kazi ya kuchosha mno. Kwanza Euler alitafuta kwa akili ni namba zipi zingeweza kuigawanya, akaziacha nyingine zote. Zile chache zilizobaki zikajaribiwa, na kila mara palikuwa na baki. Mwaka wa 1772 alitangaza kwamba namba ile ni tasa kweli. Safari hii mtu wa kwanza alikuwa amesema sawa. Kwa miaka zaidi ya 70 hakuna aliyejua namba tasa kubwa kuliko hiyo.

Euler alikufa Petersburg mwaka wa 1783. Hesabu si kweli kwa kuwa mkubwa ameisema. Ni kweli ikijaribiwa.

Maulizo
1. Namba tasa ni namba gani?
2. Fermat alikosea nini?
3. Je, 91 ni namba tasa? Ijaribu mwenyewe.