Kimweri wa Vuga, na Amani Iliyokufa Pamoja Naye

Msafiri atokaye Korogwe kwenda Mombo huiona milima ya Usambara mkono wake wa kuume. Huko juu, katika mji wa Vuga, ndiko alikokaa Kimweri ye Nyumbai, aliyewatawala Wasambaa tangu yapata mwaka 1815 hata alipofariki mwaka 1862. Twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu maisha yake, kwa kuwa mna fundisho ndani yake kwa kila jamaa.

Ukoo wake ni Wakilindi. Mapokeo yasimulia kwamba Mbegha, mzee wa ukoo huo, alikuwa mwindaji wa milima ya Nguu, upande wa Handeni ya zamani. Ndugu zake walimnyima urithi, naye akahama hata akafika Usambara. Wenyeji walimpenda kwa sababu aliwagawia nyama na kuwaamua katika magomvi yao, wakampa utawala. Basi enzi hiyo ilianza kwa ukarimu na kwa hukumu ya haki.

Kimweri aliikuza enzi hiyo kupita wote waliomtangulia. Aliwaweka wanawe kuwa watawala wa sehemu mbalimbali, naye mwenyewe akabaki na mashauri makubwa, hasa yale ya damu. Watu walimletea kodi, wakimtazamia mvua na salama. Hata majumbe wa pwani, kati ya Tanga na Pangani, walitambua mamlaka yake, ijapokuwa Sultani wa Unguja naye alikuwa na askari wake huko. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Vuga mwaka 1848, na tena mwaka 1852, akapokewa vema. Waingereza Richard Burton na John Speke walipomwona mwaka 1857, walimkuta mzee sana.

Lakini chini ya mlima mambo yalikuwa yakigeuka. Semboja, mmoja wa wanawe, alitawala Mazinde, bondeni, penye njia ya misafara iliyotoka Pangani kwenda bara. Misafara hiyo ilileta bunduki na baruti, ikachukua pembe na watumwa. Vuga ilikuwa na heshima. Mazinde ilikuwa na silaha. Maadamu mzee yu hai, heshima ilitosha.

Mrithi wa Kimweri, mwanawe Mbegha, alikufa kabla ya baba yake. Kwa hiyo kiti kilimwangukia mjukuu, kijana Shekulwavu, huku baba zake wadogo na wakubwa wakishika nchi kila mmoja upande wake. Haukupita muda mrefu Semboja akainuka juu yake. Vuga ikachomwa moto, Shekulwavu akakimbia, na Wabondei nao wakawafukuza watawala wa Kikilindi. Wapiganapo tembo, nyasi huumia: watu waliokuwa raia wa Kimweri walikamatwa na kuuzwa pwani kama mbuzi.

Mwaka ule ule wa 1862 Marekani nayo ilikuwa katika vita vya ndugu kwa ndugu, chini ya Abraham Lincoln, mwanasheria aliyepata kuwa mjumbe katika baraza la kutunga sheria la Illinois. Lincoln aliuawa mwezi wa Aprili 1865. Hata hivyo sheria ya kukomesha utumwa nchini mwake ilithibitishwa mwezi wa Desemba mwaka huo huo, yeye akiwa tayari kaburini. Sheria ile ilikuwa imetoka mkononi mwa mtu mmoja na kuwekwa mikononi mwa wengi.

Hatumlaumu Kimweri. Alitawala kama desturi ya zama zake ilivyomfundisha, na wengi walilala salama katika siku zake. Lakini yatupasa kujiuliza: ni nyumba ngapi kwetu zinazokaa kwa amani kwa sababu tu mzee angali akikohoa barazani? Mipaka ya shamba anaijua yeye. Madeni anayajua yeye. Mke na watoto wanaheshimiwa kwa kumwogopa yeye. Siku akizikwa, wana wagombana na mjane afukuzwa.

Baba mwenye busara na aitengeneze amani ya nyumba yake angali na nguvu: awakutanishe wanawe, aseme wazi, aandike, ashuhudiwe. Ndipo jamaa yake itakapoweza kumlilia kwa machozi ya upendo, pasipo hofu ya kesho.