Mtwa Mkwawa na Ukuta wa Kalenga

Bonde la Mkondoa, ilipo Kidete, lilikuwa njia ya misafara ya pwani miaka mingi kabla ya kujengwa reli. Wasagara wa bonde hili walilijua jina la Mkwawa kwa hofu kabla halijawa jina la sifa, kwa maana majeshi ya Wahehe yaliteremka huku kuteka mali na watu. Yafaa basi, wasomaji wapenzi, tuyatazame maisha yake kwa haki, bila chuki na bila kumpamba.

Mkwawa alizaliwa yapata mwaka 1855, mwana wa Munyigumba, aliyeziunganisha koo za Uhehe kuwa nchi moja. Baba alipofariki palizuka ugomvi wa urithi, hata mwisho mwana akaushika utawala. Jeshi lake lilipigana kwa mkuki na ngao: lilivizia, kisha likamrukia adui kwa ghafula kabla hajajipanga. Kwa mbinu hiyo majirani wengi walishindwa.

Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, walishindwa hata Wadachi. Emil von Zelewski alikuwa na askari wapatao 300, mizinga na bombomu. Lakini waliandamana mmoja nyuma ya mwingine katika njia nyembamba yenye vichaka na mawe. Wahehe wakawatokea karibu mno. Bunduki ipigayo mbali haina faida adui akiwa amekwisha kufika kifuani. Zelewski aliuawa pamoja na wengi wa jeshi lake. Mwaka 1892 Wahehe wakaiangamiza na ngome ndogo ya Kondoa, karibu na Kilosa.

Hapo ndipo ushindi ulipomdanganya mshindi. Nguvu ya Lugalo ilikuwa katika ukaribu, ghafula na mwendo. Mkwawa aliyaacha hayo, akamngoja adui Kalenga, nyuma ya ukuta mkubwa wa mawe. Ukuta wa namna ile uliwafaa watu waliopigana kwa mikuki. Mbele ya mizinga ulikuwa shabaha isiyohama. Mwishoni mwa Oktoba 1894 Gavana von Schele aliupiga mji, na tarehe 30 askari wake wakauingia. Hata bunduki zilizotekwa Lugalo hazikuuokoa, kwa kuwa silaha mpya yadai mafunzo mapya.

Mkwawa akaponyoka, akarudia kuvizia porini kwa muda wa miaka karibu minne. Aliwasumbua sana Wadachi, lakini wakati ulikuwa umekwisha kupita. Tom von Prince alijenga boma Iringa, vyakula vikaharibiwa, njaa ikawapata watu. Ndugu yake Mpangile alitawazwa na Wadachi, kisha akanyongwa nao. Rupia 5,000 ziliahidiwa kwa kichwa cha Mtwa. Tarehe 19 Julai 1898, alipokaribia kukamatwa, alijipiga risasi. Fuvu linalotambuliwa kuwa lake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, nalo limehifadhiwa Kalenga.

Ushujaa haukuwapungukia Wahehe hata siku moja. Lililopungua ni swali ambalo mshindi husahau kujiuliza: kwa sababu gani nimeshinda? Kila mwenye madaraka, awe mkuu wa nchi au mkuu wa nyumba, hana budi kujiuliza swali hilo siku ile ile ya furaha yake, maana ukuta wa jana hauzuii mzinga wa leo.