Okot p'Bitek: Msomi wa Sheria Aliyechunguza Jina la Mungu

Katika safu yetu ya maisha ya watu walioacha alama Afrika Mashariki, leo tunamtazama Okot p'Bitek wa Uganda. Wengi wetu tunamfahamu kwa Wimbo wa Lawino, utungo ambao Paul Sozigwa aliutafsiri kwa Kiswahili mwaka 1975. Wachache wanajua kwamba mtunzi huyo alisomea sheria, kisha akatumia miaka mingi kuchunguza dini za jadi za Waafrika. Hakuwa Mkatoliki, na alipokuwa masomoni Uingereza aliachana na imani ya Kikristo aliyolelewa nayo. Hata hivyo tunaona inafaa mafrateri na waamini wa parokia wamfahamu, kwa sababu aligusa jambo ambalo kila mhubiri hukutana nalo: msikilizaji anaelewa nini anapolisikia jina la Mungu?

Okot alizaliwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1931, katika kabila la Waacholi. Baba yake alikuwa mwalimu. Mama yake alijulikana kwa kutunga na kuimba nyimbo. Alisoma Gulu High School, kisha King's College Budo, na mwaka 1953 alichapisha riwaya kwa Kiacholi. Mwaka 1956 alikwenda Uingereza na timu ya taifa ya mpira wa miguu, akabaki huko kusoma. Alianza na ualimu katika mji wa Bristol, akasoma sheria Aberystwyth, kisha akaingia Oxford kusomea anthropolojia, yaani elimu ya mila na maisha ya jamii, hadi mwaka 1963.

Oxford ilimfundisha na pia ilimuudhi. Aliwasikia wahadhiri wakiwaita Waafrika washenzi mbele yake, akapinga. Aliporudi nyumbani alifundisha Makerere, kisha akaongoza kituo cha taifa cha utamaduni mjini Kampala. Baada ya kuwakosoa wanasiasa wa nchi yake alipoteza kazi hiyo, akaishi ugenini miaka mingi, sehemu kubwa akifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Katika kipindi hicho ndipo vilipotoka vitabu vyake viwili kuhusu dini: kimoja juu ya namna wasomi wa Magharibi walivyozieleza dini za Afrika, na kingine juu ya dini ya Waluo wa kati, wakiwemo Waacholi.

Ndani ya vitabu hivyo kuna kisa ambacho kila frateri angefaa kukijua. Okot anasimulia kwamba mwaka 1911 mapadre wa Kiitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Lugha yao, kwa maelezo yake, haikuwa na neno la kuumba, hivyo wazee walisikia wakiulizwa ni nani aliyewafinyanga. Walijibu kwamba hawajui, kwani mtu huzaliwa na mama yake. Walipozidi kubanwa, mzee mmoja alikumbuka kwamba kuna watu waliozaliwa wazima wakapatwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, mgongo ukapinda mpaka wakawa vibyongo. Hao ndio waliofinyangwa. Akajibu kwamba anayefinyanga watu ni Rubanga, roho mbaya iliyoaminika kuleta ugonjwa huo. Mapadre wakalichukua jina hilo, na mpaka leo Waacholi humwita Mungu hivyo.

Ndiyo maana Lawino, katika utungo ule, anachoka na mafundisho ya dini. Anakaririshwa maneno asiyoyaelewa, na anapouliza huyo Mfinyanzi alichimba wapi udongo wa kufinyangia mbingu, mwalimu anakasirika.

Hatukubaliani na kila alilosema Okot. Wapo wasomi wanaolihusisha jina Rubanga na Ruhanga, Mungu wa Wanyoro. Aliwashambulia pia Waafrika wenzake, akiwemo John Mbiti, kwamba waliivika miungu ya Afrika mavazi ya Kigiriki ili ifanane na Mungu wa Wakristo. Sisi tunaamini, pamoja na Kanisa, kwamba mtu anaweza kumtambua Mungu kwa kuvitazama viumbe vyake, na kwamba babu zetu hawakuachwa gizani kabisa. Lakini hoja yake kuhusu kusikiliza hatuwezi kuikwepa. Mtume Paulo mwenyewe, kabla ya kuhubiri Areopago, alizunguka mji wa Athene akizitazama madhabahu za wenyeji.

Masomo ya sheria nayo hayakupotea. Katika insha zilizochapishwa mwaka 1986, baada ya kifo chake, Okot anasema kwamba watawala wana majeshi na magereza, lakini sheria inayomwongoza mtu kweli hupandwa moyoni na nyimbo, hadithi na ibada. Anapinga pia wazo kwamba binadamu huzaliwa huru bila vifungo: kwake, mtu ni mtoto wa fulani, ndugu wa fulani, na wajibu wake unaanzia hapo. Mkatoliki anayesali katika jumuiya ndogo ndogo ataliona hilo ni jambo la karibu.

Okot alifariki Kampala mwezi Julai 1982, muda mfupi baada ya kurudi Makerere.

Hapa Kipawa, jumuiya moja huweza kuwa na Mchaga aliyelelewa akimwita Mungu Ruwa, neno linalotaja pia jua, Mnyakyusa aliyefundishwa Kyala na Mhehe anayesema Nguluvi. Wote wanaitikia Mungu katika sala ya Kiswahili. Frateri anayetumwa kwao kwa kazi za kichungaji awaulize kwanza wazee bibi zao walisali vipi mvua ilipokataa kunyesha, au mtoto alipougua. Akisikiliza majibu hayo kwa uvumilivu, atajua aanzie wapi anapowafundisha watoto wao kwamba Mungu ndiye aliyewaumba.