Mali Bila Daftari: Maisha ya George Müller

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii nimeisikia tangu nikiwa darasa la nne. Nimeitumia katika insha si haba ili nipate alama, lakini kwa hakika sikuielewa hadi mwaka huu, niliposoma maisha ya mzee mmoja aliyefariki mwaka 1898. Mzee huyo ni George Müller. Baadhi yetu tumelisikia jina lake katika mahubiri, akitajwa kama mtu wa maombi aliyewalea mayatima. Hayo ni kweli tupu. Hata hivyo, mimi nilipokisoma kitabu cha habari zake nilimwona pia mtu wa daftari. Nilimwona hivyo kwa sababu yangu mwenyewe, msomaji mpendwa, nami nitakueleza sababu hiyo kabla sijaweka kalamu chini.

Müller alizaliwa tarehe 27 Septemba 1805 katika mji mdogo wa Kroppenstedt. Nchi yao wakati huo iliitwa Prussia, na leo sehemu hiyo imo Ujerumani. Baba yake alikuwa mtoza ushuru wa serikali. Huyu baba aliwapa wanawe pesa nyingi kuliko umri wao, si wazitumie ovyo, bali wajifunze kuzitunza na kuzitolea hesabu. Wazo lenyewe halikuwa baya. Lakini George alijifunza kinyume: akazitumia pesa, kisha akaandika hesabu za uongo. Kabla hajatimiza miaka 10 alikuwa amekwisha kuiba mara kadha wa kadha pesa za serikali zilizokuwa mikononi mwa baba yake.

Za mwizi ni arobaini. Siku moja baba alizihesabu pesa, akaziacha chumbani makusudi, kisha akamwacha kijana peke yake. George akachukua kidogo, akazificha ndani ya kiatu chini ya wayo. Baba akarudi, akahesabu, akampekua mpaka viatuni. Alichapwa, lakini wapi! Kiboko kilimfunza tu kuiba kwa ujanja zaidi.

Mama yake alifariki mwaka 1820, George akiwa na miaka 14. Usiku ule mama akipigania roho, mwanawe alikuwa akicheza karata hadi saa nane za usiku, hana habari ya yaliyokuwa yakitendeka nyumbani. Mwaka uliofuata alisafiri kwa starehe, akilala katika hoteli nzuri nzuri bila ya kuwa na cha kulipia. Hoteli moja alijaribu kutoroka. Alikamatwa akatiwa jela katika mji wa Wolfenbüttel tangu Desemba 1821 hadi Januari 1822, zaidi ya wiki tatu, mpaka baba yake alipomlipia deni. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 16.

Niliposoma hapo nilikifunga kitabu kwanza. Mimi nami nina miaka 16.

Baada ya jela alianza kusoma kwa bidii, na walimu wake wa mji wa Nordhausen wakampenda sana. Kumbe ndani bado alikuwa yule yule. Alitumia pesa alizotumiwa na baba yake, na zilipokwisha akavunja kufuli la sanduku lake mwenyewe, kisha akatoka mbio nguo nusu mwilini akilia kwamba ameibiwa. Marafiki wakamwonea huruma, wakamchangia kiasi kile kile alichodai kupoteza. Yaani harambee ya uongo! Tafadhali msomaji, kishike kisa hiki, maana tutakirudia.

Mwaka 1825 aliingia Chuo Kikuu cha Halle kusomea kazi ya uchungaji. Si kwamba alimpenda Mungu. Ilikuwa kazi yenye riziki nzuri. Basi jioni moja ya Jumamosi, Novemba mwaka huo, rafiki yake alimpeleka kwenye mkutano mdogo wa maombi katika nyumba ya mfanyabiashara. Waliimba, wakasoma Biblia, na mmoja wao akapiga magoti kuomba. George hakuwa amewahi kumwona mtu akipiga magoti kumwomba Mungu. Alirudi kwake akiwa na furaha asiyoweza kuieleza. Kuanzia hapo mwendo wake ukaanza kubadilika.

Huko Halle palikuwa na nyumba kubwa ya mayatima iliyoanzishwa zaidi ya miaka 100 kabla yake na mchungaji August Hermann Francke. Müller alipata kulala humo kwa muda alipokuwa mwanafunzi asiye na uwezo. Mbegu hiyo ilikaa moyoni mwake kimya kimya.

Mwaka 1829 alivuka bahari kwenda Uingereza. Mwaka 1830 akawa mchungaji wa kanisa dogo katika mji wa Teignmouth, akamwoa Mary Groves. Mwaka huo huo akakataa mshahara. Sababu ni kwamba mshahara ulitokana na kodi ya viti vya kanisani, na mwenye pesa ndiye aliyepata kiti kizuri huku maskini akisukumwa nyuma. Akaona hilo si haki. Badala yake liliwekwa sanduku, na kila mtu akatia alichojaliwa bila kutajwa jina.

Mwaka 1832 yeye na rafiki yake Henry Craik walihamia Bristol, mji mkubwa wa bandari. Mwaka huo huo kipindupindu kiliupiga mji ule. Watoto waliobaki bila wazazi hawakuwa na kwa kwenda isipokuwa kwa jamaa, barabarani, au katika nyumba za maskini ambako walichanganywa na wazee na wagonjwa. Mwaka 1834 Müller na Craik walianzisha chama cha kusaidia shule za mchana, shule za Jumapili na shule za watu wazima, na kutawanya Biblia. Kwa hiyo, kabla ya yatima hata mmoja, alianza na shule. Watoto wa maskini waliokuwa na wazazi lakini hawana karo walisoma huko.

Müller alikuwa pia akiwatembelea watu majumbani. Baba mmoja alikuwa akifanya kazi saa 14 hadi 16 kwa siku, mwili umechakaa na roho imekauka. Müller alimshauri apunguze kazi. Yule baba alihofu kwamba akipunguza, familia italala njaa. Jambo hili lilimkaa Müller. Alitaka kuwapa watu kama hao kitu cha kuona kwa macho: kwamba Mungu husikia. Akaamua kufungua nyumba ya mayatima bila kumwomba binadamu yeyote hata senti moja.

Hapa pana kichekesho kidogo. Aliomba nyumba, pesa, vitanda, vyombo na wafanyakazi, na vyote vikaja. Mwezi Februari 1836 siku ya kuandikisha watoto ikafika, akakaa akingoja, na hakuja hata mmoja! Akakumbuka kwamba kitu pekee ambacho hakukiombea ni watoto wenyewe. Kesho yake maombi ya nafasi yakaanza kuingia. Tarehe 11 Aprili 1836 nyumba ikafunguliwa Wilson Street, nambari 6, kwa wasichana 30.

Baadaye zikafuata nyumba nyingine tatu katika barabara hiyo. Majirani wakaanza kulalamika kuhusu kelele. Müller hakuwakasirikia; alikubali kuwa wana haki, akatafuta kiwanja mahali panapoitwa Ashley Down, juu ya kilima. Jumba la kwanza lilifunguliwa mwaka 1849 kwa watoto 300. Kufikia mwaka 1870 majumba yalikuwa matano yenye nafasi ya watoto 2,050. Kuyajenga kuligharimu zaidi ya pauni 100,000. Jamani, hiyo si pesa ya mchezo, na hakuna aliyeombwa.

Usidhani mambo yalikuwa mteremko. Kuanzia mwaka 1838 zilikuja siku nyingi ambazo asubuhi hapakuwa na pesa ya mkate wa jioni. Aliwakusanya wafanyakazi wake, akawaeleza hali ilivyo, akawakataza kuisema nje. Wengine walitoa akiba zao kidogo. Kununua kwa deni alikataa katakata. Husimuliwa hata leo kwamba asubuhi moja watoto waliketi mezani, sahani tupu, akashukuru kwa chakula ambacho hakipo. Mara mwokaji akabisha hodi na mikate, na gari la maziwa likavunjika gurudumu mbele ya mlango. Sikuweza kujua kama kisa hiki kilikuwa hivyo hasa, kwa hiyo ninakitaja kama kinavyosimuliwa.

Ninachokijua ni daftari. Kila kilichoingia kiliandikwa: senti ya mjane, pete, pauni 1,000 ya tajiri, hata vijiko na nguo kuukuu. Kila aliyetoa alipewa risiti yenye nambari. Kila mwaka hesabu zilichapishwa bila majina ya watoaji, ili mtu aone kitu chake kimefika lakini asijivunie mbele ya watu. Sasa kikumbuke kile kisa cha sanduku lililovunjwa. Kijana aliyechangiwa kwa uongo ndiye aliyekua akawa mzee asiyemwomba mtu kitu. Mtoto aliyeandika hesabu za uongo ndiye aliyeandika hesabu za kweli kwa zaidi ya miaka 60. Nadhani aliujua ugonjwa huo kwa sababu aliwahi kuugua mwenyewe.

Katika majumba yale watoto walisoma kusoma, kuandika, hesabu, historia na jiografia. Wavulana walikaa mpaka miaka 14 hivi, wakapelekwa kwa mafundi kujifunza kazi. Wasichana walikaa mpaka 17, na wengi wao walikwenda kufanya kazi katika nyumba za watu. Kila mmoja aliondoka na Biblia na sanduku la nguo. Kulikuwa na waliolalamika kwamba Müller anawasomesha maskini kupita kiasi chao. Hata hivyo nami nina lalamiko langu. Alipokea tu watoto waliofiwa na wazazi wote wawili, tena waliozaliwa ndani ya ndoa. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alikuwa na kosa gani? Na wale wasichana, mbona wengi waliishia jikoni kwa wenyewe? Ulikuwa ulimwengu wa zamani, lakini kusifu bila kuuliza si kusoma.

Kuanzia mwaka 1875, akiwa na miaka karibu 70, alianza kusafiri akihubiri, na kwa miaka 17 alizunguka nchi 42. Alifariki Bristol tarehe 10 Machi 1898, akiwa na miaka 92. Watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wamepita mikononi mwake, na zaidi ya 100,000 walisoma katika shule zilizosaidiwa na chama chake. Mali yake mwenyewe aliyoacha haikufika pauni 200.

Sasa sababu yangu. Baba yangu alifariki nilipokuwa darasa la sita. Mama anauza sukuma wiki sokoni. Nusu ya karo yangu hulipwa na kikundi cha akina mama wa kanisani kwetu. Kila muhula mama mhazini hufungua daftari lake la jalada la buluu, na mimi hutia sahihi mbele yake. Nilikuwa nikilichukia daftari lile. Niliona kama ninahesabiwa kama mwizi. Sasa ninajua kwamba wale akina mama huuza ndizi na maandazi ili wapate pesa hizo, na sahihi yangu ndiyo njia yao ya kuonyeshana kwamba jasho lao limefika.

Lakini kuna daftari jingine, nalo liko mikononi mwangu. Mimi ndimi mweka hazina wa chama chetu cha Kiswahili. Muhula wa kwanza viatu vyangu vilikuwa vimeanza kucheka, vidole vyote nje. Nilichukua shilingi 200 kutoka kwa michango yenu nikanunua viatu vya mitumba. Nilijiambia kwamba nimekopa tu. Likizoni nilifua nguo za watu nikazirudisha zote, na sikuandika chochote, kuchukua wala kurudisha. Hesabu zilitimia, hakuna aliyegundua. Ningeweza kunyamaza.

Nilipofika kwenye pesa zilizofichwa chini ya wayo, nilitazama miguu yangu. Ndivyo ilivyokuwa, sitii chumvi.

Nimekwenda kwa mwalimu mlezi nikamweleza. Nimeandika katika daftari shilingi 200 zilizotoka na tarehe yake, kisha shilingi 200 zilizorudi na tarehe yake, na jina langu pembeni. Wanachama wenzangu, daftari hilo litakuwa wazi mezani katika mkutano mkuu. Likagueni ukurasa kwa ukurasa kabla ya kumchagua mweka hazina mpya. Mkinichagua tena nitashukuru. Msiponichagua pia nitaelewa, na nitamkabidhi mwenzangu daftari lililoandikwa kila kitu.