Mary Mallon: Mpishi aliyesambaza taifodi bila yeye kuumwa

Mwaka 1906, watu 6 kati ya 11 waliugua taifodi katika nyumba moja ya mapumziko huko Oyster Bay, jimbo la New York, Marekani. Mpishi wao, Mary Mallon, alikuwa mzima kabisa.

Mary alizaliwa Ireland mwaka 1869, akahamia Marekani akiwa binti mdogo na kupata kazi za kupikia matajiri. Mchunguzi George Soper alipofuatilia alikowahi kufanya kazi, alikuta taifodi imepita nyumba nyingi kati ya hizo.

Sasa inawezekanaje?

Bakteria wa taifodi huingia kwa chakula au maji machafu. Kwenye utumbo mwembamba anakutana na ute na walinzi wa kinga ya mwili. Ujanja wake ni huu: anapenya kupitia seli zilezile zinazochukua sampuli tumboni ili kuipa kinga taarifa. Halafu anamezwa na seli za kinga zinazotakiwa kumuua, lakini anaishi humohumo na kusafiri nazo mwilini.

Kwa watu wachache, anajificha kwenye mfuko wa nyongo kwa miaka na kutoka kupitia kinyesi. Mikono isipooshwa vizuri, anaingia kwenye chakula cha wengine.

Mary hakuamini. Yaani mtu asiyeumwa awaambukizeje wenzake? Mwaka 1907 alikamatwa kwa nguvu na kutengwa kwenye kisiwa cha North Brother, bila kesi wala hukumu.

Aliachiwa mwaka 1910 kwa sharti kwamba asipike tena. Akajaribu kufua nguo, lakini kazi hiyo haikulipa kama upishi. Basi, akabadili jina na kurudi jikoni. Mwaka 1915, watu 25 waliugua katika hospitali ya akina mama aliyokuwa akipika, na 2 wakafa.

Alirudishwa kisiwani na kukaa huko miaka 23, hadi alipofariki Novemba 11, 1938. Wabebaji wengine wengi walijulikana New York, lakini waliachwa waishi nyumbani kwao.

Antibiotiki ya kwanza ya kutibu taifodi ilikuja mwaka 1948, miaka 10 baada ya kifo chake. Hadi leo wapo wanaobeba bakteria huyu bila kujua, ndiyo maana sabuni na maji ni lazima kila unapotoka chooni, hata ukijiona mzima.