Darby na Mzozo wa Saa ya Unyakuo

Lipo swali ambalo halikosi kuzuka wanafunzi Wakristo wanapokutana shuleni na vyuoni: je, waumini watanyakuliwa kabla ya dhiki kuu, katikati yake au baada yake? Wako wanaolijibu kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kuiona saa yenyewe, na wako waliovunja urafiki kwa sababu yake. Wachache miongoni mwao wanajua kwamba jibu la kwanza kati ya hayo matatu halikupata umbo na umaarufu wake wa leo ila katika karne ya 19, kwa juhudi za wakili mmoja aliyegeuka kasisi. Huyo ni John Nelson Darby, na maisha yake yana funzo kwa kila anayefundisha au anayefundishwa kusoma.

Darby alizaliwa London tarehe 18 Novemba 1800, katika ukoo wenye mali na ngome nchini Ireland. Jina la Nelson alipewa kwa heshima ya Admeri Nelson, ambaye ami yake alipigana chini yake katika vita vya Mto Nile mwaka 1798. Alisoma Chuo cha Trinity, Dublin, akahitimu mwaka 1819 kwa medali ya dhahabu katika taaluma ya Kigiriki na Kilatini. Mwaka 1822 alikubaliwa kuwa wakili, lakini sheria haikumtuliza moyo. Mwaka 1826 alipewa daraja ya ukasisi katika Kanisa la Kianglikana la Ireland, akapelekwa Calary, katika milima ya Wicklow, alikoishi maisha ya ufukara miongoni mwa wakulima.

Kazi yake kati ya Wakatoliki ilikuwa ikizaa matunda, hadi Askofu Mkuu wa Dublin, William Magee, aliposhurutisha kwamba waongofu wale kiapo cha utii kwa Mfalme wa Uingereza. Darby aliona Kanisa limegeuzwa kuwa idara ya serikali. Mwaka 1827 alianguka kutoka juu ya farasi, akaumia vibaya. Katika miezi ya kuuguza majeraha yake huko Dublin, aliisoma Biblia upya na kufikia kauli iliyotawala fikira zake maisha yote: kwamba Kanisa ni jamii ya mbinguni, ilhali ahadi za kidunia zilizomo katika vitabu vya manabii ni za taifa la Israeli. Makundi hayo mawili, alishikilia, yasichanganywe kamwe.

Karibu na wakati huo alijiunga na Wakristo wachache wa Dublin waliokuwa wakikutana na kumega mkate pasipo kasisi wala cheo. Kutokana na mikutano ya namna hiyo, na hasa kundi kubwa lililoota katika mji wa Plymouth kuanzia mwaka 1831, likatokea lile vuguvugu lijulikanalo kama Ndugu wa Plymouth. Kati ya mwaka 1831 na 1833 walihudhuria makongamano ya kujadili unabii yaliyoandaliwa na Bibi Powerscourt huko Wicklow, na hoja ya Darby ikazidi kukomaa. Ikiwa dhiki kuu yaihusu Israeli na mataifa, basi Kanisa halina budi kuondolewa kwanza. Na ikiwa litaondolewa kwanza, hakuna ishara ya kungojea wala tarehe ya kupigia hesabu. Kwa sababu hiyo njia yake ilitofautiana na ya wafuasi wa William Miller nchini Marekani, waliongoja bure tarehe 22 Oktoba 1844.

Mpinzani wake mkuu hakutoka mbali. Benjamin Wills Newton, mwalimu wa kundi la Plymouth, alisisitiza kwamba Kanisa litapita katika dhiki, kwa kuwa sura ya 24 ya Mathayo inaweka kukusanywa kwa wateule baada yake. Wote wawili walikuwa wasomi, wote wawili walikijua Kigiriki, na wote wawili waliufungua Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike, sura ya 4, wakaondoka na majibu mawili.

Tuitazame sura hiyo kwa jicho la mwanaisimu. Inavyo vitenzi viwili vizito, na Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 imevitafsiri kwa ustadi: kunyakuliwa na kulaki. Cha kwanza chaonyesha tendo la ghafla na la nguvu, lakini hakisemi lini. Cha pili kinasimama mahali pa nomino ya Kigiriki iliyotumiwa pia kwa wanawali waliotoka kumpokea bwana arusi, na kwa ndugu wa Rumi waliotoka kumpokea Paulo njiani. Anayemlaki mgeni aghalabu hurudi naye nyumbani; ndiyo maana wafuasi wa mkondo wa Newton huona hapa safari ya kupanda na kushuka papo hapo. Wafuasi wa Darby hujibu, na si bila haki, kwamba neno moja haliwezi kuamua mwelekeo wa safari, na kwamba Yohana 14 inataja makao yaliyoandaliwa kwa Baba. Ukweli ni kwamba sura yenyewe haitaji saa. Saa imetokana na hoja iliyojengwa juu ya sura nyingine.

Hoja si dhambi; pasipo hoja hakuna taaluma. Msiba huja pale hoja inapovishwa joho la aya. Mwaka 1845 Darby alirejea Plymouth, akamshtaki Newton kwa mwenendo wake wa uongozi na kuanzisha mkutano wa pembeni. Baadaye yakazuka mashtaka kuhusu mafundisho ya Newton juu ya Kristo, na mwishoni mwa mwaka 1847 Newton akaondoka mjini. Mwaka 1848 Ndugu wakagawanyika makundi mawili, mgawanyiko ambao haujazibika hadi leo. Saa ya unyakuo haikuwa sababu pekee ya ugomvi, lakini ilikuwa miongoni mwa kuni za moto ule. Watu waliokusanyika ili kuonyesha umoja wa Wakristo walifunga milango wao kwa wao.

Darby hakuoa. Alihubiri Uswisi, Ufaransa na Ujerumani, na kati ya mwaka 1862 na 1877 alizuru Marekani ya Kaskazini mara kadhaa. Alishiriki kuitafsiri Biblia kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza, akiheshimu kila neno la asili. Alifariki Bournemouth tarehe 29 Aprili 1882.

Aliyeyatawanya mafundisho yake zaidi alikuwa Mmarekani Cyrus Scofield, naye wakili pia, ambaye mwaka 1909 alichapisha Biblia yenye maelezo chini ya kurasa zake. Jicho la msomaji likashuka kutoka Maandiko hadi maelezo bila kubisha hodi, na wengi wakasahau mpaka uko wapi. Kwa njia ya vitabu kama hivyo na ya wamishonari, mpangilio wa Darby ulifika hadi mimbari zetu.

Mwalimu hana wajibu wa kumchagulia mwanafunzi saa ya unyakuo. Ana wajibu wa kumwonyesha mahali aya inapokoma na mahali mfasiri anapoanza kusema. Mwanafunzi aujuaye mpaka huo anaweza kumsikiliza mwenzake anayeamini saa nyingine, wakabishana hadi usiku wa manane, na asubuhi wakaamkuana.